Chujio la samaki halisuguliwi likang'aa

Jumamosi ya usafi, mtoto mkubwa anapewa kazi ya kuosha chujio la tangi la perege nyuma ya nyumba. Analisugua kwa maji ya bomba mpaka kokoto zinang'aa. Siku chache baadaye samaki wanapanda juu kutafuta hewa, kisha wanaanza kufa.

Mtoto hana kosa. Ule utelezi aliouondoa ndio uliokuwa ukiwalinda samaki. Maji yanapozungushwa yale yale, amonia wanayoitoa hujikusanya, nayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine huigeuza hiyo kuwa nitrati, isiyowadhuru sana samaki. Klorini ya bomba huwaua bakteria hao, na wapya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. (Ndiyo maana tangi jipya halijazwi samaki siku ya kwanza, hata muuza vifaranga akihimiza.)

Chujio lisuuzwe ndani ya ndoo, kwa maji ya tangi lenyewe, uchafu mzito utoke tu. Pampu isizimwe usiku kuokoa umeme. Bakteria nao wanahitaji hewa.

Mwenye mtoto mchanga awe macho zaidi. Bomba likikauka, maji ya tangi yaliyotulia hutamanisha. Yamwagiliwe mchicha, yasichanganyiwe maziwa ya kopo hata yakichemshwa. Kuchemsha hakuondoi nitrati, nayo ikizidi huweza kuzuia damu ya kichanga kubeba oksijeni.