SAA KUMI NA MOJA JIONI, MWAFRIKA TOKA NJE!



Leo twataka kusema juu ya chakula. Msicheke. Mtu aweza kupunjwa mshahara akavumilia mpaka mwisho wa mwezi, lakini akifukuzwa mezani mbele ya watu, jambo hilo halimtoki moyoni.

Mnakumbuka habari ya Machi 2015. Huko Kilimani, Nairobi, ilikuwako hoteli ya Kichina. Mchana Mwafrika aliingia, akala, akalipa. Ikifika saa kumi na moja jioni, alizuiwa mlangoni. Waliosazwa ni dereva wa teksi, na Mwafrika aliyefuatana na Mchina. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba mtu hawezi kujua nani ni Al-Shabaab na nani siye.

Tazameni hapo. Dereva aliruhusiwa kwa kuwa alikuwa kazini. Maana yake mikono yetu yafaa, vinywa vyetu havifai!

Makelele yakawa mengi, hoteli ikafungwa, mwenye hoteli akapelekwa kortini. Kwa kosa gani? Mambo ya leseni. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza mtu kumbagua mwenziwe kwa rangi, kabila au dini. Twauliza: kama leseni yake ingalikuwa safi, je, tungalingoja mlangoni mpaka lini?

Neno hilo la Al-Shabaab lilituuma zaidi kwa sababu tunao wenzetu watokao Garissa. Mmoja wao, fundi wa karakana, alitualika arusi ya nduguye. Tulipanda basi Eastleigh, tukapita Thika na Mwingi. Kwenye kizuizi njiani tukashushwa kuonyesha vitambulisho. Sisi tulitazamwa mara moja tukaachwa. Mwenyeji wetu aliulizwa maswali kuliko sisi sote, naye ndiye aliyekuwa akienda kwao.

Tulifika Garissa usiku, saa mbili imepita. Tukaingia hoteli ya Kisomali, tukanawa mikono, tukaletewa wali na nyama ya ngamia, ndizi mbivu kando, na chai ya maziwa yenye viungo. Hakuna aliyetuuliza kabila wala dini. Mzee wa meza ya pili, alipoona birika letu limekwisha, alitusogezea lake. Tulipotaka kulipa, tukaambiwa mwenyeji wetu amekwisha kulipa.

Na huo ni mji gani? Ni mji ule ambao tarehe 2 Aprili 2015, siku chache tu baada ya habari ya Kilimani, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu. Kama uko mji wenye haki ya kumwogopa mgeni aingiaye usiku, ni Garissa. Nao walitupa birika.

Tena mwaka ule ule, tarehe 21 Desemba, basi la Mandera lilishambuliwa. Abiria Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Ndivyo watu wa Kaskazini Mashariki walivyojibu walipoambiwa wabaguane. Hatusemi kwamba kosa la mwenye hoteli ni sawa na kosa la muuaji. Twasema kwamba hofu ya Al-Shabaab haikuwa sababu, ilikuwa kisingizio.

Wengine watasema: basi tuwachukie Wachina na Wahindi. Hapana, ndugu! Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli yetu baina ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 walikufa. Chapati tulayo kila siku tulijifunza kwao. Makhan Singh alifungwa na kuwekwa kizuizini tangu 1950 hata 1961 kwa ajili ya kutetea wafanyakazi wa rangi zote. Ugomvi wetu si na pua ya mtu. Ugomvi wetu ni na mlango wenye sheria mbili.

Wala mlango huo hauko Kilimani peke yake. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017. Julai 2018 magazeti yalichapa malalamiko ya wafanyakazi wake kwamba hawakuruhusiwa kula meza moja na Wachina. Wazee wetu walisafiri daraja la tatu na chakula kikapuni, kwa kuwa meza ya behewa la kulia haikuwa yao. Je, tulipandisha bendera 1963 ili turudi kwenye kikapu?

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Kila mahali pa kazi pawe na chumba kimoja cha kulia, kwa bwana na kwa kibarua.

2. Mwenye hoteli akibagua watu, ashitakiwe kwa kubagua, siyo kwa karatasi ya leseni tu.

3. Mwanachama yeyote asipeleke arusi wala mkutano katika hoteli imkatazayo mwenzetu, hata ikiwa yeye mwenyewe anaruhusiwa.

Hilo la tatu ni letu wenyewe, halingoji serikali wala tajiri. Misheni tulifundishwa kusali kabla ya kula. Hatukufundishwa kuuliza kabila la aliyeketi kando. Mwenzetu wa Garissa akizuiwa mlangoni, sote tusimame, tulipe tulichokula, tutoke naye.