Mpeni Mkulima Fedha ya Kujaribu

Ndugu zangu wa Dodoma,

Nikiwa Des Moines, Iowa, nchini Marekani, nawaandikia wakulima wa Bahi, Kongwa na Chamwino, maofisa ugani, na ninyi wa halmashauri mnaopanga bajeti. Katika yote niliyoyaona kwenye kilimo cha huku, moja ningependa lifike nyumbani mapema, na wala si matrekta. Huku mkulima mdogo anaweza kupewa fedha kidogo ajaribu wazo lake mwenyewe, shambani mwake mwenyewe, kisha aeleze wazi kilichotokea hata kama wazo limeshindwa.

Mpango wenyewe unaitwa SARE, chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ulianza 1988, wakati wakulima wengi walikuwa wameelemewa na madeni na gharama za mbolea na viuatilifu. Nchi imegawanywa katika kanda nne, na kila kanda ina ruzuku za watafiti, za wanafunzi, na za wakulima wenyewe. Hizi za mwisho ndizo zilizonigusa. Mkulima anaandika swali lake: nikipanda zao la kufunika udongo baada ya kuvuna mahindi, magugu yatapungua? Nikilisha kondoo kwenye mabaki ya mazao, udongo utapata nini? Andiko lake linasomwa na jopo ambalo ndani yake wamo wakulima wenzake, watu wanaojua gharama ya kupoteza msimu.

Fedha hiyo si ya kununua shamba wala ya kuanzisha biashara. Inalipia mbegu za majaribio, vipimo vya udongo, siku ya kuwaalika majirani waje kuona, na muda wa mkulima mwenyewe. Hapo kwenye muda wa mkulima naomba tutulie kidogo. Kwetu mkulima anatoa kipande cha ardhi kwa ajili ya shamba darasa, anapalilia, analinda ndege, anapokea wageni. Wageni wanaondoka na posho. Yeye anabaki na shukrani. Kazi yake ya kupima na kukumbuka haihesabiwi kuwa kazi, na hilo ni dhuluma ambayo tumeizoea mno.

Wakulima wa Iowa hawakungoja serikali iwafundishe kujaribu. Mwaka 1985 walianzisha chama chao, Practical Farmers of Iowa. Mmoja wa waasisi, Dick Thompson wa karibu na mji wa Boone, alilima kwa kulinganisha: ukanda mmoja kwa njia mpya, ukanda wa pili kwa njia ya zamani, kisha tena mpya, tena ya zamani, mara kadhaa katika shamba lile lile. Kurudia huko kuna maana kubwa. Ukijaribu samadi upande wa bondeni tu, ambako udongo tayari ni mzuri, utaisifia samadi kwa kazi iliyofanywa na bonde. Mbinu hii haihitaji maabara. Inahitaji kamba, vigingi, mizani ya kupimia mavuno na daftari.

Na sisi si wageni wa ubunifu. Mashimo ya Chololo, yanayochimbwa mstari kwa mstari ili yashike maji ya mvua chache na kulisha uwele au mtama kwa samadi kidogo, yanaitwa kwa jina la kijiji chetu wenyewe. Kule Mbinga, Wamatengo walikuwa wanalima kwa mashimo yao ya ngoro kwenye miteremko mikali muda mrefu kabla ya mfadhili yeyote kufika. Wakulima waliuliza, wakajaribu, wakapata. Kinachosikitisha ni mangapi mengine yalijaribiwa na kufa na mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuandika wala fedha ya kuendeleza msimu wa pili.

Dalili njema zipo. Morogoro, shirika la SAT limekuwa likiunganisha maswali ya wakulima na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na mwaka 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Lakini ruzuku ambayo mkulima wetu ameizoea ni ya mbolea: anapewa jibu ambalo tayari limeamuliwa. Mbolea ina faida yake, sipingi. Nasema tu kwamba pembeni yake kuwe na fungu dogo la swali la mkulima.

Fungu hilo lisije na vizuizi vya huku. Hapa Iowa wapo wakulima wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi, wenye mikono hodari na Kiswahili kizuri, lakini fomu za ruzuku ni za Kiingereza kigumu na asiye na mtu wa kumsaidia anakwama. Nyumbani andiko liwe la Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, na asiyejua kuandika aruhusiwe kueleza kwa mdomo, ofisa ugani aandike. Pia msimfanye mkulima atangulize fedha zake kisha arudishiwe. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha malipo mengi ya kilimo, na wakulima waliokwisha kutumia fedha zao wakabaki wakisubiri ahadi. Mkulima wa Kongwa akikopa kwa kutegemea ahadi ya namna hiyo, atauza mbuzi.

Halmashauri tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fungu hilo lisiguswe. Ila mkopo haufai kwa majaribio, kwa sababu jaribio likishindwa deni linabaki. Tengeni fungu jingine, hata dogo, la ruzuku kwa wakulima wachache kila kata, na jopo la kuchagua liwe na wakulima wengi kuliko maofisa. Matokeo, mazuri na mabaya, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na yabandikwe ofisi ya kata.

Wenzangu wa ughaibuni, sisi huchangia harusi na misiba bila kuulizwa mara mbili. Tuchangie na hili, kata kwa kata, na mimi nitachangia kata yangu.

Nawe mkulima mwenye swali, usisubiri tangazo. Liandike kwenye daftari, pima kanda zako, na umpelekee ofisa ugani kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Ndugu yenu,
Des Moines, Iowa