Hatulipi kiingilio ili tukalinde mabegi



Kila ikifika Desemba, shule zimefungwa na pesa za korosho zimeanza kuingia, simu zetu wanawake wa Masasi na Newala hujaa ushauri wa kupeleka familia Dar es Salaam kwenye michezo ya maji kwa gharama nafuu. Wapo wanaokwenda Kunduchi Wet 'n' Wild, wapo wanaokwenda Fun City kule Kigamboni. Ushauri wenyewe tumeusoma mpaka tumechoka. Mama aamke saa tisa usiku akaange maandazi. Mama abebe chupa za chai. Mama asishone nguo mpya mwaka huu. Na pesa ikipungua mkiwa getini, mama abaki nje, au aingie akalinde mabegi, maana yeye haogelei.

Huko si kubana matumizi. Huko ni kumbana mama.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa biashara. Familia ya baba, mama na watoto wanne wamesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi, wamepita Ndanda, Mingoyo, Nangurukuru mpaka Daraja la Mkapa. Wamefika. Mama amelipiwa kiingilio cha mtu mzima, kisha amekaa kwenye benchi saa sita na simu mbili, pochi ya mume na viatu vya watu watano. Hapo tiketi yake imetupwa, na nauli yake ya kwenda na kurudi nayo imetupwa. Ukitafuta uvujaji wa pesa katika safari ile, usiutafute kwenye soda ya mtoto. Uko pale kwenye benchi.

Na pesa hiyo imetoka wapi? Baba anapuliza salfa, hatukatai, na Mungu amlipe. Lakini kuinama chini ya mikorosho asubuhi mpaka jua linawaka, kutenganisha korosho na bibo, kuanika, kuchambua zilizooza kabla ya kupeleka AMCOS, mgongo unaouma ni wa nani? Malipo ya mnada yanaingia benki, na mara nyingi akaunti ina jina la baba. Ndiyo maana siku ya kupanga safari mama anaonekana kama mgeni aliyebebwa kwa hisani.

Wapo watakaotuletea dini. Karibuni. Suratul Israa, aya ya 26 na 27, inakemea ubadhirifu, na sisi tunaukemea. Lakini Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu wasiofuja wala wasiofanya ubahili. Vyote viwili vimetajwa pamoja. Na tumefundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, baada ya kuwaambia watu watangulie mbele. Mke kucheza si aibu. Kuwatanguliza watu kwanza, hiyo ndiyo stara yake. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mama aingie majini. Ni lini na wapi aingie bila kuonwa na wasiomhusu.

Hapo ndipo akiba yenyewe ilipo. Mwanamke mmoja akipiga simu kuuliza kama kuna saa za wanawake peke yao, atajibiwa haraka haraka. Kikundi cha wanawake 20 wa vikoba, na watoto wao, wakitaka kwenda siku ya katikati ya wiki ambayo wateja ni wachache, wana cha kujadiliana, bei na faragha pia. Msiende Idi wala sikukuu. Mtalipa, halafu mtashinda kwenye foleni ya mtelezo mmoja. Kama sehemu haina faragha na haitaki kuzungumza, pesa yenu ipelekeni kwingine.

Sasa nguo, na hapa ni kazi yetu mafundi. Usiingie na dera wala baibui la pamba. Pamba hunywa maji, ikawa nzito, ikavutika chini na kukushika mwili wote, hapo stara imekwenda. Nyuzi zake pia huziba vichujio vya bwawa, ndiyo sababu sehemu nyingi hukataa nguo za kawaida majini. Nunua kile kitambaa cha nailoni kinachovutika, cha rangi ya kukolea, kiwe kizito. Kikiwa cha upana wa mita 1.5, mita 3 zinatosha suruali, gauni la kufika magotini na kofia ya kufunika shingo. Fundi ashone kwa mshono wa zigizaga na sindano ya ncha butu. Mshono wa kawaida utakatika siku hiyohiyo, tumeona. Asiweke zipu ya chuma wala vifungo vya chuma, vinakwaruza mitelezo na walinzi watakurudisha. Nguo hiyo inavaliwa miaka, na mdogo wako anaazima.

Mengine mafupi. Chakula cha kutoka nje bustani nyingi hazikiruhusu, kwa hiyo msikeshe mkikaanga bila kuuliza. Kuleni mshibe kabla ya kuingia. Watoto mara nyingi hulipiwa kwa umri au urefu, waulizeni na mwapime nyumbani. Nauli kikomo ya LATRA ijueni kabla hamjafika stendi, Desemba wapiga debe hawana huruma. Swala mnapunguza, hiyo ni rukhsa ya msafiri, wala haina gharama.

Na mabegi? Kodini kabati moja, au watu wazima wapokezane, baba naye akae saa yake. Hatujaona mwanamume aliyekufa kwa kushika pochi.

Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya likizo, hapana. Riba ni riba, hata kama picha zitatoka nzuri. Asiye na pesa ya Dar ashuke Mtwara. Msimbati mchanga ni mweupe na bahari ni ileile, ulizeni tu ada maana ni eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Ninyi wa visiwani bahari iko mlangoni, huenda mnatucheka. Sisi tumezaliwa juu ya mwamba wa Newala, ambako mama zetu walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mtoto wa huko akiona maji yanamwagwa tu ili watu wateleze, kwanza anauliza nani analipa.

Bibi harusi, kwako tuna neno moja kabla ya nikaha. Siku hizi fungate nayo imekuwa safari ya mabwawa na picha, na tunasikia mabinti wakiombwa "wachangie kidogo" kutoka kwenye mahari. Mahari ni mali yako, Suratun Nisaa aya ya 4 iko wazi. Ukitoa kwa radhi yako, ni hiari yako. Ukiombwa, sema fungate ni ya mwenye kuoa, na kama mfuko wake unafika Msimbati, basi Msimbati panatosha. Na mwambie mapema kwamba unaingia majini.