Mti wa Mpakani: Mali ya Nani, na Dhima ya Nani?

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma umekaribia, na kama ilivyo ada, kabla hata majamvi hayajakung'utwa, mashauri ya mipaka yamekwisha anza kuletwa ofisini. Mwanachama huyu alalamika kuwa tawi la jirani limefunika mihogo yake. Yule alalamika kuwa jirani amechuma karafuu za tawi lililovuka. Wa tatu ana mkarafuu mkavu uliosimama karibu na banda la mwenziwe, na hataki kuukata wala hataki kuambiwa. Twaona yafaa tuyaseme haya mapema, kwa kuwa mwaka jana tulichelewa, na kuchelewa kwetu kulileta madhara.

Kwanza tukiri kosa letu. Msimu uliopita mwanachama mmoja alitujia akauliza kama aweza kukata tawi la mkarafuu wa jirani lililoingia kwake. Tukamjibu kwa mdomo, tena kwa haraka, "Kata, ni haki yako." Jibu lile lilikuwa nusu ya sheria, na nusu ya sheria yaweza kudhuru kuliko kutojua kabisa. Akampandisha kijana juu ya mti wenyewe, tawi likakatwa kutoka shinani likiwa limejaa karafuu, na karafuu zile akazianika kwake. Leo nyumba mbili zilizokuwa zikikopeshana chumvi hazisalimiani hata msikitini. Lawama si yao peke yao. Fungu lake ni letu.

Mwezi uliopita safari ilitufikisha Sengerema, katika mkoa wa Mwanza, kwa mwanachama wetu wa zamani aliyehamia huko kulima. Zamani mtu akitoka Mwanza kwenda huko alingoja kivuko pale Kigongo. Siku hizi huvuka juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tulidhani tumeyaacha nyuma mambo ya mipaka. Kumbe yalikuwa yametutangulia.

Huko hakuna mikarafuu. Kuna mihogo, pamba na miembe, na mpaka wa shamba mara nyingi ni ua wa minyaa au mstari wa makatani. Mwembe wa mwenyeji wetu uliegemea kwa jirani, ukamtilia kivuli mihogo, na watoto wa jirani wakawa wanaokota maembe. Maneno yakawa mengi, hata shauri likafikishwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Wajumbe wake ni saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Kuhukumu si kazi yake.

Wajumbe walikwenda shambani, wakautazama mti, wakasikiliza pande zote mbili. Mzee mmoja akasema, "Mti hauna macho, haujui mpaka uko wapi. Wenye macho ni ninyi wawili." Wakakubaliana hivi: mwenye mti alete watu wake alipunguze tawi lile, kuni ziwe zake, na maembe yatakayoanguka upande wa pili msimu ule waachiwe watoto kwa hisani, isije ikadaiwa kesho kuwa ni haki. Hakuna aliyelipa wakili wala aliyepoteza siku ya kulima kwa safari ya mjini. Kama wasingepatana, shauri lingekwenda Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 limeachiwa usuluhishi tu, na baada ya hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sisi visiwani mambo ya ardhi si ya Muungano, na njia zetu ni nyingine. Kwetu mtu huanza kwa Sheha, na shauri likishindikana iko Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1994. Tena kwetu liko jambo la ziada: kwa desturi yetu ya tangu zamani, mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, mashamba makubwa yalipogawiwa ekari tatu tatu, mipaka mipya ilipita katikati ya mikarafuu ya kale ambayo haikupandwa kwa kufuata mipaka hiyo. Mikarafuu ile mingine ingali hai. Kwa hiyo ugomvi wetu haukutokana na ubaya wa watu; mingi imerithiwa pamoja na shamba.

Sasa sheria yasemaje? Tanganyika iliipokea sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na visiwani nako sheria hiyo iliingia wakati wa himaya. Ndani yake yamo maamuzi mawili ambayo kila mkulima yafaa ayajue.

La kwanza ni la tawi. Katika shauri la Lemmon na Webb, lililomo katika vitabu vya sheria vya mwaka 1895, iliamuliwa kwamba mtu aweza kukata tawi lililovuka mpaka, hata bila ya kumwarifu mwenye mti, maadamu hakuingia katika ardhi ya mwenziwe. Akate akiwa kwake, na asipite mpaka. Hii ndiyo nusu tuliyoisahau mwaka jana.

La pili ni la matunda. Katika shauri la Mills na Brooker la mwaka 1919, mtu alichuma matofaa ya matawi yaliyovuka kwake, akayauza. Mahakama ikamwamuru alipe thamani yake, kwa kuwa haki ya kuondoa tawi haimpi mtu umilikaji wa tawi wala wa matunda yake. Badili tofaa kwa karafuu, na hukumu yatutazama sisi usoni. Karafuu ya tawi lililovuka ni mali ya mwenye mti.

Ama mti unaoanguka, sheria hiyo huuliza: je, mwenye mti alijua, au alipaswa kujua, kuwa ni wa hatari? Mti mzima uking'olewa na upepo ghafula, hiyo ni kudura, na mwenyewe hadaiwi. Lakini mkarafuu uliokauka na kusimama mweupe kama mfupa, kila mpita njia auona, na mwenyewe hawezi kusema hakujua. Na akiisha kuambiwa mbele ya mashahidi, udhuru wake umekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo waweza kuwa wa nyumba ya mwenzio.

Dini nayo haikunyamaza. Sote tulifundishwa chuoni kuwa mtu asidhuru wala wasidhuriane. Na katika mapokezi ya Abu Daud kimo kisa cha Samura bin Jundub, aliyekuwa na mtende katika bustani ya Ansari mmoja, akimwudhi kwa kuingia na kutoka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka auze, akakataa, abadilishe, akakataa, autoe kwa malipo ya Akhera, akakataa. Ndipo Ansari akaruhusiwa kuung'oa. Haki ya mti ilikuwapo, lakini ilikoma pale ilipogeuka kuwa mateso ya mwingine. Na Majalla ya Waturuki ya karne ya 19, ingawa haikuwa sheria ya kwetu, yatenganisha vizuri: tawi lililovuka jirani aweza kudai lifungwe au likatwe, lakini kwa sababu ya kivuli tu mti haukatwi.

Haya ndiyo maoni yetu. Ruhusa ya kukata bila ya kuarifu yaweza kufaa nchi ya matofaa. Kwa mkarafuu haifai. Karafuu huzaa nchani mwa vijitawi, na ugonjwa wa kukausha matawi huingilia penye jeraha. Anayekata ovyo aweza kumharibia mwenziwe mti ambao baba yake aliupanda na mjukuu wake angeuchuma. Kwa hiyo twasema mwanachama asikate bila ya kuarifu, hata kama sheria haimlazimishi. Na mwenye mti naye asijifiche nyuma ya heshima ya mkarafuu. Jirani anayelima mihogo ya kulisha watoto hawezi kuambiwa kila mwaka "ngoja msimu upite." Akiarifiwa, apunguze tawi baada ya kuchuma, kwa mkono wake na kwa gharama yake.

Twawaomba basi kila mwanachama, kabla ya msimu, aupite mpaka wake pamoja na jirani yake, si peke yake. Wahesabu miti, wakubaliane ni ya nani na matawi yapi yapunguzwe. Na mpeta unaoangukia upande wa pili, waseme wazi kama mwenye mti ataingia kuuokota kwa ruhusa au atauacha kwa hisani. Mti mkavu wautie alama na tarehe ya kuuangusha. Kisha waandike karatasi mbili, waweke saini mbele ya Sheha, na kila mmoja abaki na yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisi itaandika karatasi hizo bure kwa asiyeweza, na kuanzia sasa haitatoa shauri la mpaka kwa mdomo.

Ama zile nyumba mbili tulizozitaja juu, tumekwisha ziomba radhi, kila moja kwake. Imebaki kuziomba pamoja, zikiwa zimekaa jamvi moja. Tutakwenda tena kabla ya karafuu ya kwanza kuchumwa, na twamwomba kila anayezifahamu atutangulie kwa neno jema.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya Chama