Mwanangu na Ghala la Pingyuan

Mwezi huu nakuomba uvumilivu kidogo, maana nataka kuzungumzia jambo ambalo zamani ningelikatia shauri kwa neno moja tu: zima. Nazungumzia michezo ya vita ambayo vijana wetu huicheza kwenye televisheni. Sisemi kwamba yote ni mizuri. Ipo ambayo nimeitoa nyumbani mwangu kwa mikono yangu mwenyewe, na sijutii. Lakini upo mmoja niliokaa nao sebuleni likizo nzima, na ndio ninaotaka kukusimulia.

Kwanza nikuambie jinsi nilivyofika pale kwenye kiti. Mwanangu wa pili ana miaka 16. Wakati wa mavuno, bei ilipokuwa chini, nilinunua magunia manne ya mahindi nikayaweka stoo. Miezi ikapita, bei ikapanda, na mwanangu akaja na shauri lake: tuuze mawili, faida inunue viatu vya mpira alivyokuwa akivitamani. Nikakataa. Akaniita mchoyo, mbele ya wadogo zake. Baba yake alimkemea na yeye akaomba radhi, lakini radhi ile ilikuwa ya mdomo. Kwa wiki mbili tulikuwa tunasalimiana tu: shikamoo mama, marahaba baba, basi. Mama mwenzangu, unajua jinsi nyumba inavyokuwa baridi mtoto anapokusalimia namna hiyo.

Jioni moja nilimkuta amekaa mbele ya PlayStation 2 aliyorithi kwa binamu yake, ameshika kichwa. Nikamwuliza kulikoni. Akajibu kwa mkato kwamba ameshindwa tena, mara ya tatu. Badala ya kumwambia azime, nikavuta kiti. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kusalimiwa.

Mchezo wenyewe unaitwa Romance of the Three Kingdoms, toleo la 11, lililotoka Japani mwaka 2006. Unahusu China ya kale, mwishoni mwa utawala wa ukoo wa Han. Mwaka 190 Baada ya Kristo, jemadari katili aitwaye Dong Zhuo alikuwa amemshika mfalme mtoto katika mji mkuu wa Luoyang, na magavana wa mashariki wakaungana kumpinga. Muungano ule haukudumu. Walikaa kambini wakifanya karamu na kutegeana nani aanze, mwaka uliofuata wakatawanyika na kuanza kupigana wao kwa wao. Mchezaji huchagua mmoja wa mabwana hao na kujaribu kuiunganisha nchi tena.

Mwanangu alikuwa amemchagua Liu Bei. Nilipomwuliza ni nani, alichangamka kidogo, akanieleza kwamba mtu huyo alifiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na mama yake, na wote wawili wakiishi kwa kuuza viatu na kusuka mikeka. Hilo si la mchezo tu, limo katika historia ya Wachina. Nikasema moyoni, haya, mtoto wa mjane muuza mikeka, huyu tunaweza kukaa naye. Liu Bei huanza na mji mmoja tu, Pingyuan, uliozungukwa na majirani wakubwa. Anao ndugu zake wa kiapo, Guan Yu na Zhang Fei, watu wa vita wasio na mfano, na wasaidizi wachache.

Nikamwambia anisimulie alivyoshindwa. Mara ya kwanza alichukua karibu askari wote akaenda moja kwa moja Luoyang kumpiga Dong Zhuo. Ni mbali sana. Chakula walichobeba kiliisha njiani, na katika mchezo huu jeshi lisilo na chakula huyeyuka kama barafu juani. Mara ya pili alifanya vile vile, ila alibeba chakula chote cha ghala. Akashindwa vitani, akarudi nyumbani na watu wachache, akakuta ghala tupu na jirani anamsubiri. Mara ya tatu akasema sasa nitakuwa na busara: akakaa mjini, akaandikisha askari mwezi baada ya mwezi mpaka wakajaa. Hakwenda vitani kabisa, lakini chakula kikaisha vile vile.

Nikamwuliza, “Hao askari wako wanakula nini?”

Akaniangalia. “Chakula cha ghala, mama.”

“Hata wakikaa bure?”

“Hata wakikaa bure.”

“Na shamba je?”

Hakuwa na shamba hata moja. Alikuwa amejenga kambi mbili za kuandikishia askari, kiwanda cha silaha na zizi la farasi. Nje ya kila mji mchezo unakupa viwanja vichache tu vya kujenga, na ukivijaza vitu vya vita, huna pa kulima wala soko la kukuletea fedha. Ndugu yangu, nilicheka mpaka akanuna. Ni kama mtu anayenunua sufuria sita na hana unga.

Tukaanza upya, mimi nikiwa na daftari langu la matumizi ya nyumbani. Nataka nikueleze hesabu yetu, maana ndiyo iliyonivutia.

Kila zamu katika mchezo ni siku kumi. Tulikubaliana kwamba mwaka mzima wa kwanza hatuvuki mpaka wetu. Mashamba kwanza, mawili, kisha masoko mawili ya kuingiza fedha, kisha kambi moja na kiwanda kimoja cha mikuki. Mikuki ni ya lazima, kwa sababu askari asiyetengenezewa silaha huenda vitani na upanga wa hivi hivi na kuwa dhaifu. Zizi la farasi nililifuta. Mwanangu alilalamika kweli kweli, kwa sababu farasi ni wazuri kutazama. Nikamwambia farasi watakuja baada ya mahindi. Alinitupia jicho, nami nikajifanya sikuona.

Jambo la pili ni kumpa kila mtu kazi yake. Kila ofisa katika mchezo amepewa alama za uongozi, nguvu, akili, utawala na mvuto. Zhang Fei kwa nguvu anakaribia 100, lakini kwa utawala hafiki hata 30. Mwanangu alikuwa akimtuma kusimamia ujenzi, kisha anashangaa kwa nini kazi inakwenda polepole. Tukamwondoa huko, tukamweka kwenye mazoezi ya askari. Guan Yu tukampa doria ya mji, kwa sababu kila unapoandikisha askari wananchi hunung’unika, utulivu hushuka, na ukishuka sana majambazi hutokea. Ndiyo maana tulikuwa tukiandikisha mara moja, tunatuliza mji, ndipo tunaandikisha tena. Kijana alikuwa hajawahi kuitazama ile alama ya utulivu hata mara moja. Liu Bei mwenyewe, ambaye mvuto wake ni 99, tulimtuma kutafuta watu wenye vipaji waliojificha mjini. Na wale wasaidizi wasio ndugu wa kiapo tuliwapa zawadi ya fedha kila uaminifu wao ulipopungua, maana majirani huwashawishi wakahama. Mwanangu aliona huo ni upotevu wa fedha. Nikamwuliza kama anajua kwa nini dada anayetusaidia nyumbani amekaa nasi miaka tisa.

Niseme kidogo juu ya chimbuko la mchezo huu, kwa sababu lilinifurahisha. Kampuni ya Koei ilianzishwa Japani mwaka 1978 na mtu na mkewe, Yoichi na Keiko Erikawa, na haikuwa ya michezo. Biashara ya familia ilikuwa ya rangi za nguo. Mwaka 1980, mume alipotimiza miaka 30, mke alimzawadia kompyuta, naye akaanza kutunga michezo. Wa kwanza wa Falme Tatu ulitoka mwaka 1985. Keiko naye hakubaki kutazama: mwaka 1994 kampuni ilitoa Angelique, mchezo uliotungwa na kundi la wanawake kwa ajili ya wasichana. Kwa hiyo, mama, ukimlaumu anayewapa waume na watoto vitu hivi, ujue yumo mwanamke mwenzetu.

Sasa turudi Pingyuan. Watu wa zama zile walijua njaa ya jeshi kwa uchungu. Historia inasimulia kwamba askari wa Yuan Shao kule kaskazini walifika mahali pa kula forosadi, na wale wa nduguye Yuan Shu wakiokota kome mtoni. Mwaka 196 Cao Cao, aliyekuja kuwa mkubwa kuliko wote, aliweka watu kulima mashamba ya serikali karibu na mji wa Xu, na maghala yake yakajaa. Miaka minne baadaye, mwaka 200, alikutana na Yuan Shao huko Guandu. Yuan Shao alikuwa na watu wengi zaidi, lakini Cao Cao alikwenda usiku akachoma chakula chake kilichowekwa Wuchao, na jeshi lile kubwa likasambaratika. Nilipomsomea mwanangu habari hii alinyamaza muda mrefu.

Ndipo nikamkumbusha ule mfano wa Bwana wetu katika Luka sura ya 14, wa mfalme mwenye watu elfu kumi anayekabiliwa na mwenye elfu ishirini, anavyoketi kwanza na kufanya shauri. Mwanangu ameusikia tangu Shule ya Jumapili. Alichoniuliza safari hii ni kama elfu kumi wale walikuwa na chakula cha siku ngapi. Sikuwa na jibu, lakini niliona ni swali la mtu aliyeketi.

Mwaka wa pili tukahesabu. Shabaha yetu ilikuwa mji wa Ye, ulioshikwa na Han Fu, mtu mwoga hata katika historia. Mwaka 191 alimwachia Yuan Shao jimbo lake bila vita. Kabla jeshi halijatoka, mchezo hukuuliza utabeba chakula kiasi gani na kukuonyesha kitatosha siku ngapi. Mwanangu alihesabu siku za kwenda, siku za kuzingira, na, hapa ndipo nilipomshika bega, siku za kurudi. Safari zote tatu zilizopita hakuwahi kuhesabu siku za kurudi. Tukaacha nyumbani askari wa kulinda mji na chakula cha msimu mzima. Tuliokwenda tukawa wachache kuliko alivyotaka, lakini mji ulianguka, na ghala letu halikupungua chini ya mstari nilioupiga kwa kalamu nyekundu.

Usinielewe vibaya, mpenzi msomaji. Mambo hayakuwa matamu yote. Baada ya ushindi mchezo hukuletea mateka mmoja mmoja, nawe unaamua: umwombe ajiunge nawe, umwachie aende, umfunge, au umkate kichwa. Kila mara inabonyezwa kitufe tu. Hapo nilishikwa na baridi, kwa sababu niliona jinsi kidole cha mwanangu kilivyozoea. Aliniambia bila kuficha kwamba zamani aliwaua wote waliokataa, ili wasirudi kumsumbua. Kama una mtoto mdogo, wa miaka kumi hivi, mimi nisingemwacha peke yake na mchezo huu, na sababu ni hiyo hasa. Kwetu tuliweka pia saa moja na nusu kwa siku, baada ya kazi, na Jumapili mashine haiwashwi.

Kati ya mateka wa Ye alikuwemo mshauri aitwaye Ju Shou. Liu Bei akamwomba ajiunge, akakataa. Tukaenda kumsoma kwenye historia. Ju Shou halisi alihama kutoka kwa Han Fu akamtumikia Yuan Shao, na kabla ya Guandu ndiye aliyemshauri asifanye haraka, kwa kuwa Cao Cao hana chakula cha kutosha na vita ikirefuka atachoka. Hakusikilizwa. Akashauri pia ulinzi wa chakula cha Wuchao uongezwe, hakusikilizwa. Bwana wake alipokimbia, yeye alikamatwa. Cao Cao alimtendea kwa heshima na kutaka abaki, lakini alijaribu kurudi kaskazini, ndipo akauawa.

“Mama, huyu alikuwa anasema kama wewe,” mwanangu akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya upole baada ya wiki tatu. Sikumjibu. Nilikwenda jikoni kugeuza maharage, na nilikaa huko zaidi ya maharage yalivyohitaji.

Niliporudi alikuwa bado hajabonyeza kitufe. Akaniuliza nifanye nini. Nikamwambia mji ni wako, uamuzi ni wako. Akamwachia aende.

Magunia yangu mawili bado yako stoo, na viatu havijanunuliwa. Baba yake amesema tutaona mwisho wa mwezi. Ninapoandika haya mchezo umesimama kwenye mwezi wa nne wa mwaka 192. Ju Shou yuko Nanpi kwa Yuan Shao, na jeshi la huko limeanza kusogea mpakani kwetu. Mwanangu amejenga shamba la tatu mahali alipotaka zizi la farasi. Anasema akimkamata Ju Shou safari hii atamwomba tena, kwa kuwa Liu Bei mwenyewe, mwaka 207, alikwenda mara tatu nyumbani kwa Zhuge Liang ndipo akapokelewa.