Askari wa Kukimbiliwa

Ndugu wanachama, mfugaji wa Getanuwas akiamka akakuta zizi limevunjwa na ng'ombe wameswagwa usiku, ana njia mbili. Moja ni kwenda kwa polisi kuandikisha shauri lake. Ya pili ni kupiga ukelele, vijana wachukue mikuki wafuate nyayo. Ataifuata ipi? Hilo halitegemei hotuba zetu. Lategemea alivyopokewa mara ya mwisho alipokwenda kituoni.

Wako wanaodhani kwamba wananchi huridhika na polisi pale tu wezi wanapokamatwa. Hiyo ni nusu ya kweli. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Tom Tyler, alitoa kitabu juu ya wakazi wa Chicago waliohojiwa kuhusu polisi na mahakama. Aliona kwamba mtu hupima zaidi jinsi alivyotendewa kuliko alichopata: je, alisikilizwa, aliheshimiwa, hakukuwa na upendeleo? Wazee wetu wa Hanang na Mbulu hawakungoja kitabu hicho. Aliyeshindwa shauri mbele ya wazee chini ya mti aliweza kurudi nyumbani ametulia, maana alisema mpaka akamaliza.

Basi na kituoni iwe hivyo. Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha kukwamakwama asikilizwe kwa subira. Mlalamikaji asidaiwe fedha ya mafuta ya gari. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana kama sheria inavyotaka, na dhamana ya polisi haiuzwi. Mwenye mali aelezwe upelelezi umefika wapi, hata kama ng'ombe hawajaonekana.

Haya si maneno ya wachochezi. Tume ya Haki Jinai, iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilisikia malalamiko ya wananchi kuhusu kubambikiwa kesi, na Julai mwaka huo ikapendekeza mabadiliko makubwa katika Jeshi la Polisi.

Lakini nasi tujitazame. Askari ni mtoto wa mkulima na mfugaji, naye ana eneo kubwa la kulinda. Anayemficha mwizi kwa kuwa ni wa ukoo wake, na anayetoa fedha ili jirani yake alale mahabusu, hao nao wanaiua haki. Mwana-TANU aliahidi kutotoa wala kupokea rushwa. Ahadi hiyo haikufa pamoja na TANU mwaka 1977.

Kwa hiyo kila tawi lichague watu wawili wa kumsindikiza mlalamikaji asiyejua njia za kituoni. Waandike siku na saa aliyopokewa, na akionewa wapeleke habari kwa mkuu wa polisi wa wilaya, Katesh, bila matusi wala woga.

Mkoloni alituachia askari wa kuogopwa. Kazi yetu ni kumpata askari wa kukimbiliwa.

Uhuru na Kazi!