Nani alikutengenezea gari lako la kwanza?

Ndugu zangu wasomaji, leo naomba tuweke siasa pembeni. Nina jambo ambalo wengine mtaliona dogo, ila mimi naona si dogo hata kidogo. Ni hii namna yetu ya siku hizi ya kusema asante.

Wiki iliyopita simu yangu iliingia picha ya shukrani ya harusi. Maua ya waridi, majina ya maharusi, na chini yake maneno, "Asanteni nyote kwa michango yenu". Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Aliyetoa laki tatu, aliyeazimisha gari lake, dada aliyekesha jikoni akikaanga kuku, na yule aliyeahidi halafu akazima simu, wote tukapata picha ile ile. Sina ugomvi na maharusi, nawatakia maisha mema. Ila nilijiuliza, hivi ile ilikuwa asante au tangazo?

Mtaniambia dunia imebadilika, watu hawana muda. Sawa, lakini hilo la kukosa muda halikuanza na simu. Mwaka 1843 huko London, bwana mmoja aliyeitwa Henry Cole alizidiwa na barua za sikukuu ambazo ilimpasa kuzijibu. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree kadi moja, ikachapwa nakala kama 1,000, yeye akabaki na kazi ya kujaza majina tu. Ile ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa kibiashara. Kwa hiyo kadi ya kuchapwa ilizaliwa ili kupunguza kazi. Lakini angalau Cole alijaza jina! Hata wazee wetu waliotuma kadi za salamu Radio Tanzania Dar es Salaam waliandika majina ya wanaowasalimu, mmoja baada ya mwingine. Sisi tumeondoa mpaka jina.

Mimi nilijifunza asante ya aina nyingine, na hapo inabidi niwapeleke nyumbani. Nyumbani ni Ihanja, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Ni nchi ya alizeti, mtama na uwele, na mvua za kuhesabu. Duka la kuuza midoli hatukulijua. Baada ya mavuno, mabua ya mtama ndiyo yalikuwa kiwanda chetu. Unamenya ganda gumu, unalikata vijiti vya kuunganishia, na ule moyo wake mwepesi unakuwa bodi la lori. Magurudumu yanatoka kwenye ndala mbovu. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe na nundu, tukawajengea zizi la miba. Dada zetu walivalisha magunzi ya mahindi vipande vya vitambaa vilivyookotwa kwa fundi cherehani, ingawa wao muda wa kucheza ulikuwa mfupi, maana ndoo ya maji ilikuwa ikiwasubiri.

Nilichokipenda kuliko vyote ni gari la waya lenye usukani mrefu uliofika kifuani. Ukikata kona, magurudumu ya mbele nayo yanakata. Alilitengeneza binamu yangu mkubwa kwa jioni tatu, akitoka machungani. Hakuna aliyeniamrisha "sema asante". Nilimchungia mbuzi wake siku mbili, basi. Yeye alitoa jioni zake, mimi nikatoa siku zangu. Wote wawili tulielewa kilichofanyika.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mwaka jana nilikwenda nyumbani na gari la betri kutoka Kariakoo, zawadi ya mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la kwanza. Likalia ving'ora siku nne, likanyamaza. Miezi miwili baadaye, mtu aliyetoka Ihanja akaniletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Ndani kuna mchoro wa biro wa lori la dumu la lita tano, na maandishi yaliyopanda mlima: "Asante baba mdogo kwa matairi". Bwana mdogo alilivunja gari langu, akachomoa magurudumu, akayafunga kwenye lori alilotengeneza mwenyewe! Nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakauliza kulikoni. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Picha za shukrani nilizopokea mwaka jana nimeshazifuta zote ili kupata nafasi kwenye simu.

Najua kuna watakaosema, "Ninyi wasomi mkishafika mjini mnausifia umaskini." Hapana. Mtoto wa Ihanja anastahili kitabu chenye picha, viatu na mpira wa ngozi, na sitamwambia mzazi asimnunulie. Haki ya mtoto kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Isitoshe, yule bwana mdogo hakulikataa gari la dukani, alilitumia kwa akili yake. Ninachopinga ni aibu. Hapa Dar es Salaam nimemwona mama mmoja akimwambia mwanawe afiche gari la dumu chini ya kochi kwa kuwa wageni wanakuja. Mtoto anajifunza nini hapo? Kwamba kilichotoka kwenye mikono yake ni uchafu, na cha heshima ni kile chenye risiti. Mtoto huyo akikua atakutumia picha ya maua ya waridi, na tusimlaumu.

Na aibu hii inaua ufundi haraka kuliko uhaba wa vifaa. Mifuko ya rambo tuliyofungia mipira yetu ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na mimi naiunga mkono hatua ile. Je, chandimu ilikufa? Wapi! Pale kijijini nimekuta watoto wanafunga mipira ya soksi na matambara. Kifaa kikikosekana mtoto anafaragua. Lakini akishaona aibu, anaacha kabisa.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa shule zetu za chekechea zinazowavisha watoto majoho siku ya mahafali. Kabla ya kuchangisha wazazi fedha za kadi za kuchapwa, wapeni watoto manila na penseli za rangi, kila mmoja amtengenezee kadi mtu aliyekuwa akimpeleka shule. Dada wa kazi na dereva wa bodaboda wamo.

La pili ni kwako wewe unayesoma. Mkumbuke aliyekutengenezea mdoli au gari lako la kwanza, kama yuko hai. Mtengenezee kadi kwa mkono wako. Mwandike jina lake, na utaje kitu kimoja alichofanya ambacho hakuna mwingine anayekijua. Mimi ya binamu yangu niliipakia kwenye basi la Singida. Nililichora lile gari, vibaya kweli kweli. Akanipigia simu usiku, akanicheka kwanza, kisha akasema, "Mdogo wangu, usukani umekosea. Mimi niliuzungushia mpira wa baiskeli ili usikuchome mikono."

Hilo la mpira nilikuwa silijui. Alilifikiria yeye, miaka ile yote, na nisingetuma kadi lingepotea naye.

Wale wenye wazee waliowafinyangia ng'ombe wa udongo, msisubiri sana.

Naomba kuwasilisha.